Jinsi nilivyotambua umri na asili ya beji ya skwadroni ya 555

Rafiki yangu alirithi kwa marehemu mjomba wake bahasha ya beji za kitambaa za vikosi vya anga vya Marekani, akaniomba nimsaidie kujua zipi ni za zamani kweli na zipi ni za kuigwa. Nyingi hazikunichukua muda. Iliyonikalisha mezani ni beji moja ya duara, imetariziwa, ukingoni imeandikwa 555 TAC FTR SQ, yaani Tactical Fighter Squadron, skwadroni ya kimbinu ya ndege za kivita.

Skwadroni hiyo ina jina kubwa. Katika vita vya Vietnam iliangusha ndege 39 za kivita aina ya MiG, zilizoundwa kwa asili na Wasovieti, na ndiko alikotoka Steve Ritchie, rubani wa kwanza wa Jeshi la Anga la Marekani kufikisha ndege tano za adui alizoangusha katika vita hivyo, tarehe 28 Agosti 1972. Sifa kama hiyo huvuta waigaji, kwa hiyo beji yoyote ya 555 naikagua kwa jicho kali kuliko nyingine.

Mimi huanza na maandishi, halafu ndiyo nashika uzi. Majeshi hubadilisha majina ya vikosi vyao kila mara, na kila badiliko lina tarehe yake. Beji yenye MATS, huduma ya usafirishaji wa anga ya jeshi la Marekani, haiwezi kuwa ya kabla ya 1948, na tangu Januari 1966 jina hilo lilipokewa na MAC. SAC, kamandi ya ndege za mashambulizi ya kimkakati, ilianza Machi 1946 ikavunjwa Juni 1992. Ndege pia husema: ndege ya kivita ya Phantom iliyoandikwa F4H inatangulia Septemba 1962, maana hapo ndipo majeshi ya Marekani yalipounganisha mfumo wa majina ya ndege, ikaitwa F-4. Hata umbo lina kauli yake, kwa kuwa Jeshi la Anga la Marekani limezipa skwadroni duara, na vikosi vikubwa zaidi ngao.

Kwa beji yangu, neno TAC lilinisaidia mno. Skwadroni ya 555 iliundwa upya mwaka 1964 kama skwadroni ya kimbinu ya ndege za kivita. Mwaka 1966 ikawekwa kambi ya Ubon, Thailand, na mwaka 1968 ikahamia Udorn, hukohuko Thailand. Mwaka 1974 ikarudishwa nyumbani, kambi ya Luke, Arizona, ikafanywa ya mafunzo, na jina lake likaongezewa neno la mafunzo, ambalo beji yangu haina. Tangu mapema miaka ya 1990 neno la kimbinu likaondolewa kabisa kwenye skwadroni za kivita. Historia za vikosi hivi hutunzwa na Air Force Historical Research Agency, taasisi ya historia ya Jeshi la Anga, huko Maxwell, Alabama, na muhtasari wake unasomeka bure. Mtu asinunue beji ya bei kubwa kabla ya kuusoma; ni kazi ya jioni moja tu na inaokoa fedha nyingi.

Lakini maandishi huonyesha kile beji inachodai kuwa, hayaonyeshi ilishonwa lini. Mwigaji naye anajua kusoma. Ndipo nikaigeuza.

Mgongo wa beji ndio ushahidi, na wauzaji wanaopiga picha ya mbele pekee siwaamini. Kwenye mgongo wa hii, nyuzi zilikuwa zimeruka kutoka herufi moja hadi nyingine bila kukatwa, na mishono ilisongamana pale, ikalegea hapa. Nikairudisha mbele, nikaweka lenzi juu ya tarakimu tatu za 5. Hakuna mbili zilizofanana: ya kwanza tumbo lake limejaa, ya pili limebanwa, ya tatu imeinama kidogo kulia. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeongoza kitambaa kwa mikono chini ya sindano ya cherehani. Mashine ya kutarizi inayoendeshwa kwa kompyuta ingetoa 5 tatu pacha.

Ukingo nao ulisema jambo. Beji za viwanda vya Marekani, kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, zilizidi kumalizwa kwa ovaloki nene ya mashine ya Merrow, ile inayozunguka ukingo kama kamba na kuacha mkia mdogo wa uzi uliobandikwa nyuma. Za kabla ya hapo kwa kawaida zilikatwa tu kandokando ya mishono. Yangu haikuwa na ovaloki; duara lilishonwa kwa mkono uleule, kisha likakatwa kwa mkasi, na mahali fulani mkasi ulikaribia mno. Hii ni desturi ya mafundi waliofungua kazi karibu na kambi za Thailand na Vietnam, wakiwashonea marubani.

Ugumu ni kwamba mafundi wa aina hiyo bado wapo, na mikono yao haijabadilika. Mtindo wa mshono peke yake haukati shauri. Kinachobadilika ni uzi.

Nilizima taa nikamulika tochi ya urujuanimno (UV). Nyuzi nyingi za kisasa za polista hung'aa rangi ya buluu-nyeupe kwa sababu ya viangazi, kemikali za kung'arisha weupe, vinavyotiwa kiwandani. Yangu ilibaki imefifia, isipokuwa madoa mepesi pembeni. Watu huutegemea mno mtihani huu. Sabuni za kufulia nazo zina viangazi, kwa hiyo beji halisi iliyofuliwa juu ya ovaroli ya rubani inaweza kung'aa, na uzi wa pamba uliochaguliwa kwa makusudi leo hautang'aa hata kidogo. Kwa hiyo nikavuta kiuzi kilicholegea nyuma, nikakishika kwa kibano, nikakichoma. Kikashika moto upesi kikanuka karatasi, kikaacha majivu laini. Polista ingeyeyuka ikajikunja kuwa kitone kigumu.

La mwisho, na kwangu ndilo zito zaidi, ni rangi. Mbele nyekundu ilikuwa imepauka kuelekea waridi. Mgongoni bado ilikuwa nyekundu kamili. Nilipozitenganisha nyuzi mbili kwa ncha ya sindano, ule wa chini, uliofunikwa, ulikuwa umehifadhi rangi yake. Jua hufanya hivyo. Anayezeesha beji kwa kuichovya kwenye chai hupata doa lilelile mbele, nyuma na ndani ya mishono. Tena kuzunguka ukingo palikuwa na matundu ya sindano yaliyopishana safu mbili, maana yake ilishonwa kwenye vazi, ikafumuliwa, ikashonwa tena.

Hukumu niliyompa rafiki yangu: imeshonwa na fundi wa Kusini-Mashariki mwa Asia, kati ya 1966 na 1974, na imevaliwa. Aliniuliza kama ni ya Ubon au Udorn. Nilimwambia hakuna kitu kwenye beji kinachoamua hilo, na atakayemtajia mwaka kamili bila barua, picha au vazi lililoambatana nayo anakisia. Sasa anatafuta picha za mjomba wake. Beji nimemwekea ndani ya karatasi isiyo na asidi, nikamsihi asiifue wala asiipige pasi.