Jinsi nilivyoyapanga maji kwenye vita vya kisiwani

Nimezaliwa Kisumu, na Ziwa Victoria halipwi wala halijai kiasi cha mtu kuona kwa macho. Ndiyo maana sura ya vita katika hadithi yangu ilinishinda kwa miezi. Ngome iko kisiwani, katika ulimwengu niliobuni. Maji yakipwa, mchanga huiunganisha na bara. Nilikuwa nimewaacha washambuliaji mchangani kuanzia alfajiri hadi magharibi. Shangazi yangu aliyeolewa Mombasa akasoma, akasema, "Mwanangu, hawa wote wangezama kabla ya adhuhuri."

Akanifundisha. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku nyakati husogea mbele dakika 50 hivi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu: maji hurudi mbali sana, kisha huja juu sana.

Nikasoma pia kuhusu Mont-Saint-Michel, kisiwa chenye mlima na ngome huko Ufaransa, ambako tofauti ya maji hufikia karibu mita 14. Waingereza waliuzingira mlima huo katika Vita vya Miaka Mia, wasiuteke.

Basi nikachora mstari wa saa daftarini kabla ya kuandika neno. Siku ya bamvua, maji yamekupwa kabisa saa 4 asubuhi. Njia iko wazi kuanzia saa 2 hadi saa 6. Ngazi, farasi, majeruhi, wote wamo humo. Sasa askari wanaogopa maji kuliko mishale, na hofu hiyo naipenda mno. Lango linavunjika saa 5 na nusu, mawimbi yakiwa vifundoni.