Siku moja ya fundi umeme: taa imewaka, kazi bado

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya rangi, chapati ya jana, begi mgongoni. Kwenye daladala nakumbatia kitu kimoja tu, mita ya kupimia ardhi, yaani udongo unapokea umeme kwa ugumu kiasi gani. Nyundo ikiibwa nitanunua nyingine.

Saa 1:00. Pantoni, foleni, jua. Tumevuka Kigamboni.

Saa 2:15. Mteja ni mzee mstaafu. Nyuma ya nyumba ana gereji ya mabati na nguzo za chuma, kama mita 25 kutoka kwenye mita ya umeme, LUKU. Humo anaegesha pikapu yake, ana grinda na kompresa. Shida aliyoniitia: kompresa inanguruma, haizunguki. Natazama juu nakuta jibu. Waya mwembamba wa 1.5, wa kufungia taa, umetokea dirisha la jikoni, ukakatiza kwenye mwembe hadi gereji. Kwa umbali huo na mzigo ule, umeme unaofika ni mdogo.

Nafungua kisanduku cha breka cha gereji. Aliyenitangulia ameunganisha nyutro, waya wa kurudishia umeme, na waya wa ardhi, ule wa kupeleka udongoni umeme uliovuja, kwa kipande cha waya. Naikuta hii kila mara, na kila mara inanikera. Siku nyutro ikikatika huko kwenye mwembe, bodi ya kompresa, chuma chake cha nje, inabaki na volti 230, inamsubiri atakayeishika. Na mzee mwenyewe kazi zake anafanya na kandambili zilizokwisha soli. Namwonyesha. Ananiangalia, kisha ananiambia, "Lakini taa zilikuwa zinawaka, kijana."

Kwa watu wengi fundi umeme ni mtu wa kuwasha taa. Ikiwaka, alipwe aondoke.

Saa 3 mpaka saa 6 tumechimba mtaro wa futi mbili, tukalaza kebo ya kuzika ya milimita za mraba 6, mchanga laini, tepu ya onyo, tukafukia. Saidia fundi wangu amelowa jasho mpaka kwenye soksi.

Saa 6 na kitu inaanza kazi ya rodi, chuma kinachogongwa ardhini na kufungwa waya wa ardhi, na hapo mzee analeta kiti chake, anakaa kivulini anitazame.

"Hicho chuma cha nini tena? Nyumba kubwa si inacho?"

Namweleza kwamba cha nyumba kipo, ila gereji iko mbali na nguzo zake za chuma zimezama kwenye ardhi yake yenyewe, kwa hiyo tunaipa rodi yake na waya wa ardhi wa nyumba hauvuki kuja huku. Anasema jirani yake hana na hajafa.

Ubaya wa Kigamboni ni mchanga. Rodi ya futi 4 inazama upesi, mteja anaona nimekula pesa ya bure. Kumbe mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Nachomeka vijiti vya kupimia kwenye mstari mmoja, cha mwisho mita 20 kutoka kwenye rodi, cha kati mita 12 hivi. Mita inasoma omu 140, kubwa mno; ikipungua ndiyo nzuri.

"Mwaga chumvi na mkaa. Yule fundi wa kwanza alimwaga."

Chumvi masika yakija yanaisomba, na inayobaki inakula rodi. Nataka rodi ya pili, iunganishwe juu ya ya kwanza, zishuke pamoja hadi kwenye udongo wenye unyevu. Rodi ya pili haikuwemo kwenye makubaliano. Hapo ndipo siku ilipoanza kuwa ndefu. Mzee akaanza: mafundi mnatafuta pa kuongezea. Mafundi mna maneno. Akampigia mpwa wake "anayejua umeme", akaweka spika. Mpwa akatoa ushauri: "Mwambie afunge kwenye bomba la maji, Mjomba." Sote tukageuka kulitazama bomba. La plastiki.

Nikagonga rodi ya pili huku mzee amenuna. Ikasoma 38.

Bado haitoshi kwa breka peke yake, na hili hata mafundi wenzangu wengine hawataki kulisikia. Umeme ukivujia ardhini, gawa volti 230 kwa omu 38, unapata ampea 6. Breka ya ampea 32 haitashtuka kwa ampea 6, itakaa tu hivyo hivyo na bodi ya mashine ina umeme. Breka ni ya kulinda waya. Ya kumlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja kidogo tu, nayo nimeifunga pale mwanzo wa kisanduku cha gereji. Kipande cha waya kati ya nyutro na ardhi nimekikata nikakitia mfukoni, asije mtu akakirudisha.

Jua lilikuwa limeshuka, saa sikuangalia. Nikawasha. Kompresa ikazunguka mara moja, mzee akamwita mama aje aone. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia RCD, gereji nzima giza.

"Umeunguza!"

Nikairudisha, nikamfundisha kitufe, kwamba kila baada ya miezi michache akibonyeze, na kisipokata aniite. Akakibonyeza mwenyewe, akakirudia, akacheka.

Ya ufundi kanilipa. Ya rodi ya pili, kasema tutaongea mwisho wa mwezi.