Usipime maji tu, pima na msitu unaoyazunguka

Yaani kitu kimoja kinaniuma kila nikiona ramani za ardhioevu, mtu kachora mstari pale maji yanapoishia halafu basi, wakati vyura wengi wanakuja majini kutaga tu, siku zao nyingi wanazimalizia msituni chini ya majani makavu yenye unyevu au kwenye gogo lililooza (ukiligeuza taratibu unamkuta kajikunyata, ngozi inang'aa, mrudishie gogo lake tafadhali). Watafiti Semlitsch na Bodie mwaka 2003 walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakakuta amfibia (vyura na jamii yao) wanahitaji nchi kavu ya kama mita 159 hadi 290 kutoka ukingoni. Sasa ukiacha ukanda wa mita 30 tu wa miti, umemlinda nani?

Kupima kwenyewe siku hizi sio kazi, picha za setilaiti zipo bure, setilaiti ya Landsat pikseli yake (kimraba kimoja cha picha) ni mita 30 na ya Sentinel-2 mita 10, unachora ukanda wa mita 300 kuzunguka maji unahesabu asilimia ya pikseli zenye miti. Ila hiyo asilimia peke yake inadanganya jamani, shamba la miti ya aina moja ukiliangalia kutoka juu linafanana kabisa na msitu, na asilimia 60 iliyokatwakatwa na barabara sio sawa na 60 iliyoungana, maana chura anakanyagwa kwenye lami kabla hajafika majini. Kwa hiyo lazima ushuke chini kwa miguu, uangalie magogo, majani yaliyooza na kivuli, na mwaka ujao urudi pale pale upime tena.