Kilichobaki cha kanisa

Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za Paulinerkirche, kanisa la chuo kikuu cha Leipzig, na halitoki kichwani. Lilikuwa la watawa Wadominiko tangu 1240. Mwaka 1545 Martin Luther mwenyewe akaliweka wakfu upya. Likapita salama hata Vita Kuu ya Pili. Aliyelilipua ni serikali ya Ujerumani Mashariki, tarehe 30 Mei 1968, wiki moja tu baada ya baraza la jiji kupitisha uamuzi. Katika siku hizo chache watu walihangaika kutoa walichoweza: madhabahu, mimbari, mabamba ya ukumbusho wa marehemu. Mengine yakazikwa na kifusi. Leo jengo jipya lililofunguliwa mahali pale 2017 lina madhabahu ileile. Mimbari imezua ubishi wa miaka, irudi au isirudi, nami naufurahia ubishi huo, kwani wanabishania kitu ambacho bado kipo.

Sisi je? Usharika wetu hapa Dar es Salaam ulibomoa kanisa dogo la zamani kupisha kubwa. Sipingi, watu walikuwa wanasali nje juani. Ila milango ya mninga imeegemezwa nyuma ya ofisi, inanyeshewa, na jiwe la msingi liko chini ya ndoo za rangi. Hakuna aliyeandika kipi kilikaa wapi. Hilo linaniuma kuliko mvua, maana wazee wanaojua wanapungua, na mlango usiojulikana ulitoka upande gani utaishia kuuzwa kama mbao.

Wala tusingoje sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na miaka hiyo ndiyo kwanza Sultani Majid wa Zanzibar alikuwa anaanza kulijenga jiji hili. Hata kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanza kujengwa 1898, umri pekee haulikingi. Jengo la namna hiyo halilindwi hadi litangazwe rasmi.

Nimewaandikia wazee wa kanisa. Naomba stoo yenye paa, kila kipande kipigwe picha na kupewa namba, na jiwe la msingi lijengewe kwenye ukuta wa kanisa jipya, pale watu wanapoingilia. Nimeomba pia bibi zetu wa kwaya waitwe kabla ya kazi kuanza, maana wao wanakumbuka.