Leo Gari Limesimama Juu ya Slaida Zake

Mwezi uliopita, kwenye njia ya mawe ya Engare Sero karibu na Ziwa Natron, jiwe moja lilikipinda kikanyagio cha chini ya milango ya Prado yangu hadi mlango wa nyuma ukakataa kufunguka.

Leo, baada ya saa sita karakanani hapa Arusha, nimefunga slaida: mabomba mazito ya chuma yanayopita chini ya milango na kuibebesha chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini ya gari, wala si bodi, uzito wa gari linapokalia jiwe.

Nilichagua za kufunga kwa bolti badala ya kuchomelea, kwa sababu ninataka kuzivua, kuondoa tope na kupaka rangi upya kabla kutu haijaanza kula chuma. Bomba langu lina unene wa milimita 3. Jembamba mno hujikunja na kuufuata mlango.

Kabla ya kutoboa popote, fundi alipapasa kwa kidole mabomba ya breki na ya mafuta yanayofuata chesisi, nami nilimshukuru sana kwa hilo.

Kisha akaweka jeki chini ya slaida yenyewe, akainua upande wote wa kulia.

Matairi yakiwa hewani, niliushika mlango uleule wa nyuma. Ukafunguka, ukajifunga kwa mlio wake wa siku zote. Niliufungua mara nne.

Ndugu zangu mnaopita njia za mawe, ninyi mlichagua bolti au kuchomelea, na mnazuiaje kutu? Niandikieni hapa.