Kioo cha Kale Hugeuzwa Kwanza: Nilivyochagua Vioo vya Nyumba Yetu Nakuru

Nyumba yetu iko Nakuru, upande wa Milimani: nyumba ya mawe ya tangu ukoloni, dari iko juu, madirisha ni membamba. Korido inayotoka mlango wa mbele hadi jikoni ilikuwa giza hata saa sita mchana. Mume wangu alipendekeza tuongeze taa. Mimi nikasema kioo, tena cha zamani, maana kuta za umri ule hazikubaliani na fremu za plastiki za dukani. Leo tuna vioo vya namna hiyo koridoni, sebuleni na chumbani, na marafiki wakiona kimoja mahali hunipigia simu kuuliza kama kinafaa. Swali langu la kwanza huwa lile lile: umekigeuza ukaona mgongo?

Mbele ya kioo huweza kutengenezwa. Fremu hupakwa rangi ya dhahabu wiki hii, ikakwaruzwa kidogo, halafu ukaambiwa ni ya enzi za Malkia Victoria. Mgongo ni vigumu kuughushi, kwa sababu wengi hawajishughulishi nao.

Sisi wa Bonde la Ufa vitu hivi haviko mbali nasi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na walowezi wakaanza kumegewa ardhi ya nyanda za juu. Lord Delamere alipata eneo lake kubwa la Njoro mwaka 1903. Walikuja na makabati, meza za kujipambia na vile vioo vipana vya kuweka juu ya meko, kwa kuwa Njoro na Molo ni baridi. Vingine viliundiwa fremu papa hapa kwa mutarakwa na mvule. Baada ya uhuru mwaka 1963 wengi waliuza mashamba wakaondoka, na kioo kizito si kitu cha kubeba safarini. Ndiyo maana hadi leo vinajitokeza kwenye minada ya vyombo vya nyumbani, kwa wauzaji wa samani za mitumba, na kwa familia zinazohama.

Neno moja kuhusu umri, maana hapo ndipo bei huchezewa. Wafanyabiashara wa vitu hivi duniani huita cha kale kitu kilichotimiza miaka 100. Sheria yetu ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 ni kali zaidi: kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Vioo vingi vya walowezi vililetwa baada ya hapo. Mimi hufuata ile miaka 100. Cha miaka ya 1930 au ya 1950 ni cha zamani tu, kizuri sana pengine, lakini sikubali kukilipia bei ya babu yake.

Kile cha sebuleni nilikipata Njoro, kwa mzee aliyenunua ploti iliyokuwa na nyumba ya mlowezi. Kilikuwa kimeegemea ukuta wa ghala, kimefunikwa magunia.

“Mzee, naomba unisaidie tukigeuze,” nikamwambia.

“Wote wanaokuja hapa hujiangalia, mama. Nyuma hawaangalii,” akasema, lakini akashika upande wake tukakigeuza.

Nyuma palikuwa na mbao tatu pana, zimekauka hadi zikaachana nafasi ya unene wa ukucha. Rangi yake ilikuwa kahawia iliyokolea, lakini haikuwa sawa kote: pale ambapo waya wa kutundikia ulikuwa umelala miaka yote, palibaki mstari mweupe. Alama kama hiyo naiamini kuliko maneno ya muuzaji. Skrubu zilikuwa za mfereji mmoja. Zile zenye alama ya msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta, ama kioo si cha kale ama kuna mtu alikifungua baadaye. Nikakwaruza ubao kidogo pembeni kwa ukucha, ikatoka harufu ya mutarakwa, ile ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Hapo nikaelewa kwamba mgongo ule uliundwa huku kwetu, hata kama kioo chenyewe kilivuka bahari. Lau ningekuta ubao ule wa kisasa wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ningemuaga mzee.

Nikatafuta pia vitobo vya bungua. Vilikuwepo vichache kwenye kona ya chini. Nikaigonga kona hiyo kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe: hakukudondoka unga. Vitobo vikavu vyenye giza ndani ni historia. Unga mweupe unaomwagika maana yake dudu bado yumo, na ukimwingiza nyumbani atahamia kwenye viti.

Kisha tukakigeuza tena, tukaja kwenye kioo chenyewe. Nilisimamisha sarafu ya shilingi kumi juu yake nikaangalia pengo kati ya sarafu na taswira yake. Pengo pana maana yake kioo ni kinene. Sarafu ikikaribia kugusana na taswira yake, kioo ni chembamba. Chembamba si kibaya, ila fremu kubwa nzito yenye kioo chembamba hunifanya niulize kama hakijabadilishwa. Halafu nikamwomba mzee asimame nyuma yangu akishika fimbo yake wima, nami nikasogeza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Fimbo ikapinda kidogo, ikanyooka, ikapinda tena. Mawimbi hayo ni ya vioo vya kabla kampuni ya Pilkington ya Uingereza haijatangaza, mwaka 1959, njia ya kuelea, ambapo kioo kilichoyeyuka hutandazwa juu ya bati lililoyeyuka kikatoka bapa kabisa. Kioo kilichonyooka hakikatai kuwa cha kale, maana vile vya bei vilikuwa vikisagwa na kung'arishwa. Lakini ukiyaona mawimbi umepata shahidi mzuri.

Mzee aliomba shilingi 15,000, tukakubaliana 9,000. Kilisafiri kwenye pikapu kikiwa wima, kimebanwa kati ya magodoro mawili. Usikubali dereva akilaze. Kikilala, uzito wake wenyewe hukipinda katikati, na shimo moja la barabarani linatosha kukipasua.

Nyumbani fundi alipokiona alitikisa kichwa. Kando ya chini na kwenye kona mbili kulikuwa na madoa meusi, mengine kama matone, mengine kama moshi. “Mama, hii nikubadilishie kioo. Hii imeisha.” Nilimkatalia, na kila ninayemshauri namwambia akatae. Madoa yale ni fedha, fedha halisi ya madini. Mwaka 1835 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig aligundua namna ya kugandisha fedha nyuma ya kioo kwa dawa za maji, na njia hiyo polepole ikaondoa ile ya zamani ya bati na zebaki. Nyuma ya fedha huwekwa kinga, aghalabu shaba nyekundu na rangi. Unyevu na hewa vikipenya pembeni, fedha huwa nyeusi, sawasawa na bangili ya fedha iliyosahauliwa. Kwa hiyo madoa ya kweli huanza kingoni, hasa chini ambapo maji ya kufutia hutiririka na kutuama. Ukiona madoa yaliyotawanyika katikati kwa mpangilio mmoja na kingo zote safi, shuku kwamba kioo kimezeeshwa kwa asidi.

Ukitoa kioo kile ukaweka kipya, unabaki na fremu tu. Mwanga wa fedha ya zamani una joto fulani. Jioni, taa moja ikiwaka, uso wako unaonekana umetulia ndani yake. Mpaka wangu ni huu: madoa ya upana wa kiganja kutoka kingoni nayakubali, hata nayapenda. Ila kama rangi ya nyuma inabanduka vipande ukiigusa, kioo hicho kitaendelea kuharibika hata ukikitunza namna gani.

Kuna aina moja ya kuogopa. Ukikuta kioo chenye taswira ya kijivu inayometameta mithili ya chumvi, na mgongo wake ni madini matupu yasiyopakwa rangi, huenda ni cha zebaki. Huku kwetu ni nadra. Usikikwangue wala kukitia moto, na usikiweke chumba cha watoto.

Fremu za dhahabu zinataka jicho. Dhahabu ya kweli iliyobandikwa kwa karatasi zake nyembamba hubaki inang'aa hata ikichakaa, na mara nyingi huonyesha udongo mwekundu chini yake. Rangi ya shaba inayoigiza dhahabu hugeuka kahawia au kijani. Zote mbili usizifute kwa kitambaa chenye maji. Brashi laini kavu inatosha.

Kwa asiye na pesa nyingi, tafuta kabati mbovu. Kile cha koridoni kilitoka kwenye mlango wa kabati la nguo lililoliwa na bungua nusu nzima, ambalo mwenyewe alikuwa karibu kulipasua kuni huko Bahati. Ndani yake kulikuwa na kioo kirefu, kingo zake zimesagwa mshazari. Ukipitisha kidole unahisi upana wa mshazari unabadilika kidogo hapa na pale, dalili ya mkono wa mtu. Fundi alichagua mbao nzima za kabati lile lile akaunda fremu. Kilinigharimu chini ya kioo kipya cha ukubwa huo. Wala hukihitaji kirefu kama unavyodhani: kujiona kuanzia utosini hadi unyayoni kunataka kioo cha nusu ya kimo chako tu, mradi ukingo wake wa juu uwe juu kidogo ya usawa wa macho yako.

Mahali pa kukitundika nilipachagua kabla ya kununua, na huo ndio utaratibu ninaoupendelea. Nilibeba ubao wa kadibodi wenye ukubwa niliouwazia, mtu akaushikilia ukutani, nikaangalia kutoka pale nitakapokaa kioo kitaonyesha nini. Kioo hurudisha kinachoonyeshwa: kikitazamana na ukuta mtupu, unapata kuta mbili tupu. Changu cha koridoni nilikiweka ukuta wa pembeni karibu na dirisha dogo, si kulikabili moja kwa moja, na kikautupa mwanga hadi mlango wa jikoni. Jua kali la moja kwa moja halifai, kwani hukausha gundi na kupausha mbao. Bafuni kioo cha kale hakiendi kabisa, mvuke utakimaliza.

Uzito upigiwe hesabu. Kioo cha meta mraba moja huwa na kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Kile cha sebuleni ni meta 1.2 kwa 0.9, unene milimita 6, yaani zaidi ya kilo 16 kabla ya fremu. Msumari mmoja haubebi hilo. Fundi alitumia vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mshazari, kimoja ukutani kwa skrubu ndefu zilizoingia kwenye jiwe lenyewe, si kwenye udongo wa kuungia mawe, kingine nyuma ya fremu, vikashikana kwa urefu wote. Nilisisitiza pia waya wa akiba, kwa kuwa Bonde la Ufa hutikisika mara moja moja. Kusafisha, napuliza dawa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo.

Dada yangu anaishi Kisumu, na huko ziwani shida ni nyingine. Joto na unyevu viligusa kioo chake cha duara, cha miaka ya 1930, kile cha kuning'inia kwa mnyororo bila fremu, akaona doa jipya likikua upande wa juu. Tulikitoa tukakuta kuta zake hutoka jasho msimu wa mvua na kioo kimelala juu yake. Tulikata kizibo cha chupa vipande vinne, tukavibandika nyuma ili hewa ipite, kisha tukakihamishia ukuta wa ndani usiopigwa na mvua. Doa halijaongezeka tangu hapo. Sasa anatafuta kingine cha aina ile ile chenye rangi ya waridi hafifu, nami nimeshawaambia wauzaji ninaowafahamu hapa Nakuru wakikipata wanipigie kabla hawajakifuta vumbi.