Vuli ya 1997, mvua iliyokuja kinyume

Kufikia mwisho wa Septemba 1997 upepo ulikuwa umeshaanza kunitia wasiwasi. Kusi lilikuwa limetulia mapema, na kila nilipopanda juu ya nyumba asubuhi kabla ya kufungua duka, nilikuta matlai, upepo wa mashariki unaotoka moja kwa moja baharini, mwepesi lakini haukatiki. Matlai kwa kawaida ni mpita njia. Huja pale kusi linapochoka na kaskazi haijashika, hukaa kidogo, huondoka. Ndio msimu wa demani, bahari hulala, maji huwa maangavu, wavuvi wakatoka nje ya mwamba bila hofu. Mwaka ule matlai ulifika ukawa kama umehamia. Na mawingu nayo hayakuwa yale membamba ya demani. Alfajiri yalisimama baharini, upande wa nje ya Nyali, hapa Mombasa, yamejaa tangu chini hadi juu, na jua likitoka yalikuwa bado yako palepale.

Nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika duka la ami yangu Mji wa Kale. Tukiuza kamba, misumari, nyavu, rangi za mashua, na mafuta ya sifa, yale ya papa, ya kupaka vyombo vya bahari. Duka la namna hiyo halikosi wanabahari, na wanabahari hawana mazungumzo makubwa kuliko upepo. Mimi nilianza kuandika kwa sababu ya kuwasikiliza wao. Mmoja aseme kusi la mwaka huu ni kali kuliko la mwaka jana, mwenzake akatae, na ushahidi hapakuwa na aliyeuleta. Basi nikachukua daftari la shule nikaanza kuweka: upepo umetoka wapi, wingu la aina gani, maji yamejaa kiasi gani, mvua imenyesha au haikunyesha. Mvua nikaipimia kopo fupi la siagi, lenye mdomo na kitako vya upana mmoja, nililolitia rula ndani. Nililiweka juu ya nyumba mbali na kuta, na nikalisoma saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa vya Kenya husomea mvua. Hilo nililishika kama sala.

Mwalimu wangu mkuu alikuwa nahodha mmoja mzee, ambaye nitamwita babu kama nilivyokuwa nikimwita. Ujana wake wote aliumalizia kwenye majahazi, Lamu, Unguja, Maskati, hadi Basra. Baada ya alasiri alikaa kwenye baraza ya duka letu na tasbihi yake. Mwaka aliuhesabu kwa njia ya mabaharia, tangu Nairuzi, mwaka mpya wao, kwa miongo ya siku kumi kumi, miongo thelathini na sita na siku tano za kuukamilisha. Ukimuuliza lini vuli itaingia hakukutajia Oktoba wala Novemba, alikutajia mwongo. Na mara nyingi ikawa.

Redio wakati huo ilishaanza kutaja El Nino. Walisema maji ya Bahari ya Pasifiki, huko karibu na Peru, yamepata joto lisilo la kawaida, na kwamba Afrika Mashariki huenda ikapata mvua nyingi. Watu wengi dukani waliona ni habari ya mbali. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame, na sisi Mombasa tulikuwa na msiba wetu: Agosti damu ilikuwa imemwagika Likoni, watu wenye asili ya bara wakishambuliwa, watu walikuwa wamekimbia nyumba zao, mji ulikuwa na woga ambao sijausahau. Nani angekaa kuisikiliza Peru? Mimi niliisikiliza. Nilimweleza babu, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake:

"Peru iko mashariki ama magharibi ya bahari yetu?"

"Si bahari yetu, babu. Ni bahari nyingine kabisa."

"Basi niambie habari za bahari yetu."

Mvua yenyewe ilitukuta katikati ya Oktoba, siku za bamvua, pale bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Mwezi wa mfungo tisa, kwa hesabu ya Kiislamu, ulikuwa umefika kumi na nne, umejaa kabisa, lakini usiku ule hakuna aliyeuona. Baada ya isha matlai ulikata ghafla. Joto likawa lile la kubandika shuka mwilini. Umeme ukaanza kumulika upande wa bahari bila sauti, tena na tena, na mimi nikakaa dirishani nikihesabu muda kati ya mwanga na ngurumo, mpaka ngurumo zikawa haziachani tena na mwanga. Ikaja.

Mombasa mvua kubwa huja usiku wa manane na alfajiri, hilo mwenyeji analijua. Usiku upepo mwanana wa bara hushuka kuelekea baharini, ukakutana na hewa yenye maji inayotoka mashariki, na mawingu yakajengeka hapo mbele ya mji. Mvua ikinyesha alfajiri, saa nne tayari jua. Ile haikuwa hivyo. Ilianza na haikupunguza. Stima zilikatika mapema. Mabati yalipiga kelele mpaka mama alikuwa akinisemesha chumba kimoja na mimi na simsikii. Mlizamu wa nyumba yetu, ambao masika yote ulitosha, ulizidiwa, maji yakawa yanashuka ukutani kama pazia. Tulitandaza ndoo, masufuria, mabeseni, kisha tukaacha kutandaza kwa kuwa hapakuwa na sehemu ya kuhamishia.

Kilichonitisha zaidi ni saa. Siku za mwezi mpevu maji ya bahari Mombasa hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri. Bamvua kubwa hapa hupanda na kushuka karibu mita nne, na maji yakijaa, mitaro inayomwaga baharini huwa haina pa kumwaga. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, linakunywa maji vizuri, ndiyo sababu masika hupita na mji hukauka upesi. Lakini jiwe nalo lina kiasi chake, na juu yake tumejenga, tumesakafu, tumeziba. Nikajua kwamba mvua ikiendelea mpaka saa kumi, maji ya juu na maji ya chini yatakutana mitaani. Nikamwamsha ami. Tukachukua taa ya chemli tukashuka dukani, tukapandisha nyavu na magunia ya misumari kwenye rafu za juu, miguu ikiwa tayari imo majini. Tulipomaliza maji yalikuwa magotini. Adhana sikuisikia, nilijua alfajiri imeingia kwa kuona watu wakipita na viatu mkononi kwenda msikitini.

Nilipopanda juu kulipokucha, kopo lilikuwa limejaa mpaka mdomoni na linamwagika. Kwenye vuli sijawahi kuona hivyo. Niliandika "limejaa, limefurika", nikalimwaga, nikalirudisha. Kisha nikatafuta dukani kopo refu la rangi, nikalisugua kwa mafuta ya taa mpaka likawa safi, nikaliweka badala yake. Tangu siku hiyo ndilo nililopimia.

Babu nilimkuta kwenye kibaraza cha msikiti, kikoi amekikunja juu, anatazama maji yakiteremka kuelekea Bandari ya Kale.

"Sabalkheri, babu."

"Akheri, mwanangu. Kopo lako limesemaje?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Mvua hini si ya vuli. Hini ni ya mwaka, ya masika, imekuja kinyume. Nimewahi kuiona hini. Sitini na moja, kabla ya uhuru. Ilianza hivi hivi, matlai haukuondoka, kusi lilikufa mapema, kisha mbingu zikafunguka. Haitakwisha leo."

Tuliteremka pamoja mpaka bandarini. Maji ya mlango wa Tudor, ambayo demani huwa ya buluu, yalikuwa ya rangi ya udongo wa bara, yamebeba nazi, matawi ya mikoko, mbao, mbuzi aliyekufa. Mashua mbili zilikuwa zimejaa maji zikazama kwenye nanga zao, na vijana walikuwa wakizitoa maji kwa debe. Mtaa wa nyuma yetu ukuta wa nyumba kongwe ulikuwa umelala chini. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, dari zake boriti za mikoko. Zikiwa kavu zinakaa karne, lakini plasta ikipasuka na maji yakaingia ndani ya ukuta, jiwe linakuwa zito na kinachoshika kinayeyuka. Alhamdulillahi wenyewe walikuwa chumba cha pili. Wanawake walikuwa wakitoa magodoro, mtu na jirani yake, bila kuulizana nani wa wapi, na baada ya yaliyopita Agosti moyo wangu ulifarijika sana kuona hivyo.

Upande wa bara ya magharibi, Changamwe na Mikindani, hali ilikuwa nyingine. Kule hakuna jiwe la matumbawe, kuna udongo mzito usiopitisha maji, na miteremko. Wafanyakazi wa bandari waliokuja dukani walisema maji yalikuwa yakiteremka juu juu, yakichukua njia za miguu na vyoo vya shimo.

Na haikwisha, kama alivyosema. Iliendelea Oktoba yote, ikaenda Novemba, nchi nzima ikaingia. Barabara kuu ya kwenda Nairobi iliharibika vibaya, viazi na vitunguu vya bara vikapanda bei sokoni. Kipindupindu kikaenea, na upande wa Garissa homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Hata Januari 1998, mwezi ambao Pwani huwa mkavu, bado nilikuwa napima. Kisha, Machi na Aprili, wavuvi wakaanza kuja na habari ya ajabu zaidi: matumbawe yamegeuka meupe. Bahari ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na matumbawe yakipata joto hutoa vile viumbe vidogo vinavyoyapa rangi na chakula. Kwenye pwani ya Kenya sehemu kubwa ya matumbawe ilikufa mwaka ule. Mzamiaji mmoja aliniambia alidhani mtu amemwaga chokaa.

Kwangu neno la babu, "sitini na moja", ndilo lililobaki. Kila mtu alisema El Nino, na El Nino ilikuwepo kweli, kubwa. Lakini nilipoanza kusoma niligundua kwamba 1961, mwaka ambao Afrika Mashariki ilifurika, hapakuwa na El Nino kubwa. Mbona basi zilifanana? Swali hilo lilinikaa miaka. Sikutaka kuliacha, kwa kuwa babu hakuwa mtu wa kusema ovyo juu ya upepo.

Jibu nililipata kwenye saiba moja mjini, duka la intaneti, ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari. Mwaka 1999 wanasayansi, Saji, Yamagata na wenzao, walichapisha utafiti katika jarida la Nature kuhusu Bahari ya Hindi yenyewe. Kwa kawaida maji ya joto hukaa upande wa mashariki, karibu na Sumatra, na wakati wa vuli pepo za ikweta huvuma kutoka magharibi kwenda huko. Lakini kuna miaka ambapo maji ya Sumatra hupoa, maji ya upande wetu yakapata joto, na pepo zikageuka zikavuma kutoka mashariki, zikituletea unyevu wote ule. Wakaiita dipoli ya Bahari ya Hindi. Niliposoma kwamba pepo hugeuka zikatoka mashariki, nilisimama pale saiba watu wakanitazama. Ndio matlai usioondoka! Ulikuwa umeandikwa kwenye daftari langu asubuhi baada ya asubuhi, na babu alikuwa ameusema msikitini miguu ikiwa majini.

Nilitoa karatasi nikaenda nazo barazani. Babu alikuwa amezeeka, macho yamepungua, lakini masikio yalikuwa kamili. Nikamweleza pole pole, habari za Sumatra, habari za maji ya joto kuhama. Sumatra alikuwa ameisikia kwa mabaharia wa Kihindi, haikumpa taabu.

"Na sitini na moja imo?"

"Imo, babu. Miaka waliyoitaja ni 1961, 1967, 1972, 1982, 1994 na 1997."

Akairudia kwa vidole. Ya kwanza aliikubali kwa kichwa tu. Sabini na mbili akaifikiria, akasema ndiyo, vuli yake ilikuwa nzito. Kwenye sitini na saba akasimama.

"Huo siujui. Vuli hiyo nilikuwa Basra, nasubiri kaskazi turudi. Siwezi kukushuhudilia nisichokiona. Muulize aliyekuwa hapa."

Nikamuuliza ami jioni ileile. Yeye alikumbuka harusi ya dada yake mwaka ule na kwamba hema lililoa, lakini mwezi hakuwa na uhakika nao. Kesho yake nikaanza kuwazungukia wazee wa Kibokoni mmoja mmoja.